Kozi, mshauri, mfumo au mkataba: nchi igawane vipi ujuzi wake wa kuendesha serikali?

Mjadala huu hurudi kila wizara inapopata wazo la kushirikiana na nchi rafiki katika uendeshaji wa serikali. Ofisa wa utumishi anataka wenzao waitwe kozini. Mwingine anaona ni bora apelekwe mtaalamu akakae kule kule, afanye kazi nao. Watu wa TEHAMA wanasema mambo ya kozi na safari yamepitwa na wakati, utolewe mfumo. Kisha anazungumza mtu wa hazina, mwenye kalamu ya mwisho: sisi tunapata nini?

Swali lake ni halali, ingawa wengi huliona la uchoyo. Ujuzi wa kukusanya kodi, kuendesha forodha, kusimamia zabuni au kusajili ardhi ni mali iliyoigharimu nchi miaka mingi na makosa mengi. Kuugawa kunagharimu tena: mishahara, nauli, na muda wa watu ambao ofisini kwao wanahitajika. Faida ipo, na ni ya pande zote mbili, ila kila njia huleta faida ya aina yake. Anayechagua njia kabla ya kujua anatafuta nini huishia kulalamika kwamba ushirikiano haulipi.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: kuita maofisa kozini, kupeleka wataalamu wakae ndani ya taasisi ya mwenzako, kutoa mfumo wa kidijitali, na kuuza ushauri kwa mkataba wa kibiashara.

Vigezo

Nimeipima kila njia kwa mambo yale yale: gharama na nani anazilipa, faida ya kiuchumi kwa anayetoa, faida kwa anayepokea, muda hadi matokeo yaonekane, na hatari yake kubwa.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo kidogo, maana ndicho hukosewa zaidi. Faida kwa mtoaji huja kwa milango mitatu. Wa kwanza ni pesa ya moja kwa moja: ada, zabuni, matengenezo ya mifumo. Wa pili ni biashara inayopita kwa urahisi kwa sababu ofisi za mwenzako zinafanya kazi vizuri. Wa tatu ni watumishi wako mwenyewe, wanaorudi nyumbani wakiwa wameona namna nyingine ya kufanya kazi ile ile. Bajeti nyingi huhesabu mlango wa kwanza tu, na mara nyingi huo ndio mwembamba kuliko yote.

Mfano wa mlango wa pili ni mpaka wa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe. Desemba 2009 kilifunguliwa pale kituo cha pamoja cha mpakani, cha kwanza cha aina hiyo Afrika. Badala ya lori kukaguliwa upande huu na kukaguliwa tena ng'ambo, maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja na kazi huisha mara moja. Japani ilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Waliofaidika hawakuwa Zambia na Zimbabwe peke yao. Hata msafirishaji wa Afrika Kusini anayepeleka mzigo Kongo kwa barabara ile ameokoa mafuta na siku za dereva. Faida ya namna hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya serikali, lakini ipo.

1. Kuwaita maofisa kozini

*Gharama.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuipangia bajeti: tiketi, malazi, posho, wakufunzi. Mwenyeji ndiye hulipa sehemu kubwa. India imekuwa ikiendesha ITEC, mpango wake wa kufundisha maofisa wa nchi nyingine, tangu 1964. Singapore ilianza wake 1992, na hadi sasa umepokea maofisa zaidi ya 150,000 kutoka nchi zaidi ya 180.

*Faida kwa mtoaji.* Ni watu. Ofisa anayekuja leo akiwa mkuu wa kitengo, baada ya miaka kumi na tano huenda ni katibu mkuu. Kampuni ya nchi mwenyeji inapotaka kuwekeza kwao, inakutana na mtu anayeijua nchi ile, aliyewahi kuziona bandari zake na ofisi zake za ardhi. Kwa nchi ndogo hilo ni tangazo la bei nafuu mno. Rwanda ililiona hilo ikaunda taasisi maalumu mwaka 2018, kazi yake kupokea wajumbe wa nchi nyingine wanaotaka kujifunza namna inavyoendesha huduma zake za umma.

*Faida kwa mpokeaji.* Mawazo mapya na mifano iliyo hai. Kuona dirisha moja likitoa leseni ya biashara kwa saa chache kunamaliza ubishi wa "haiwezekani" haraka kuliko ripoti yoyote.

*Muda.* Kozi yenyewe ni wiki chache. Mabadiliko ya kazini, kama yatakuja, ni miaka.

*Hatari.* Safari kugeuka zawadi. Anachaguliwa mtu wa bosi badala ya mtu wa dawati husika, au anachaguliwa wa dawati husika na akirudi anahamishwa idara. Kuna kipimo kimoja tu ninachokiamini kwa kozi hizi: mwaka mmoja baadaye, wangapi bado wanafanya kazi waliyosomea? Waandaaji wengi hawaulizi. Wanahesabu vyeti.

*Inamfaa nani.* Nchi inayoanza ushirikiano na wengi kwa wakati mmoja, yenye vyuo vizuri vya utumishi, na isiyo na haraka ya kuona matokeo.

2. Kupeleka mtaalamu akakae ndani

Hapa kuna sura mbili. Ya kwanza ni mshauri mmoja mmoja. Ya pili ni taasisi kushikana na taasisi: mamlaka ya kodi na mamlaka ya kodi, ofisi ya takwimu na ofisi ya takwimu. Umoja wa Ulaya ulianza utaratibu wa pili mwaka 1998, ukilenga nchi zilizokuwa zikiomba kujiunga. Ofisa wa nchi mwanachama hukaa kwa mwenyeji wake angalau mwaka mzima, huku wenzake wakija na kuondoka kwa kazi fupi fupi.

*Gharama.* Kwa kichwa kimoja ni kubwa: mshahara, nyumba, familia, na dawati tupu analoliacha nyuma. Kwa matokeo mara nyingi ni ndogo. Mashirika ya kimataifa huweza kubeba sehemu ya mzigo, kama Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) linavyofanya kupitia vituo vyake vya kanda, kikiwemo cha Dar es Salaam kilichoanza 2002.

*Faida kwa mpokeaji.* Naanza na mpokeaji hapa, kwa sababu faida yake ndiyo inayozaa ya mtoaji. Chukulia ukaguzi wa kodi wa kampuni ya kimataifa. Faili liko mezani: kampuni tanzu inachimba madini, mauzo ni makubwa, lakini kwa miaka mitano mfululizo inatangaza hasara. Mkaguzi kijana anaona hesabu zimekaa sawa, anataka kulifunga. Mgeni aliyeketi pembeni yake anafungua ukurasa wa madeni na kuuliza: mkopo huu umetoka kwa nani? Umetoka kwa kampuni mama, kwa riba ya asilimia 12. Ripoti ya mwaka ya kundi zima, ambayo yeyote anaweza kuisoma, inaonyesha kampuni mama yenyewe inakopa benki kwa asilimia 4. Basi faida yote imetoka nje ya nchi kwa jina la riba. Kuanzia hapo kuna barua za kuandika, vifungu vya sheria vya kutaja, na vikao na mawakili wa kampuni. Namna ya kutulia wakili anapopandisha sauti haifundishwi kwenye semina. Unaiona kwa aliyekutangulia, mkiwa chumba kimoja.

Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mpango wa Wakaguzi wa Kodi Wasio na Mipaka, ulioanzishwa mwaka 2015 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mgeni hakai darasani, anakaa kwenye faili halisi. Kodi ya ziada iliyokusanywa na nchi zilizoshiriki imepita dola bilioni 1.5, kiasi kisicholingana hata kidogo na gharama za kuwasafirisha wakaguzi.

*Faida kwa mtoaji.* Ada ni kidogo au hakuna. Faida iko kwenye mlango wa pili na wa tatu. Mwenza anayekusanya kodi yake vizuri anaweza kulipa bidhaa anazoagiza kwako, na anahitaji misaada kidogo. Mkaguzi wako naye amerudi akiwa ameona upande wa pili wa mbinu ambazo kampuni zile zile huzitumia nyumbani kwako. Hilo lina thamani ya pesa taslimu kwa mamlaka yako ya mapato. Na si lazima mtoaji awe tajiri. Kenya, ambayo nayo ilipokea msaada wa aina hii, baadaye ilipeleka wakaguzi wake Botswana. Ujirani una nguvu yake: sheria zinafanana, matatizo yanafanana, na gharama ni nafuu.

*Muda.* Kwenye kodi, miezi michache inaweza kutosha kuona pesa. Kwenye mageuzi mapana ni miaka, na mtu mwenye subira. Mholanzi Albert Winsemius aliongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa kwenda Singapore mwaka 1960, akabaki mshauri wa uchumi wa nchi hiyo hadi 1984. Hakuhamia huko; alikuwa akija, akikaa wiki kadhaa, akiondoka. Lakini alikuwa mtu yule yule kwa zaidi ya miaka ishirini, na kilichomfanya afae ni kwamba upande wa pili kulikuwa na serikali inayotekeleza.

*Hatari.* Mgeni kuifanya kazi yeye mwenyewe. Ripoti ni nzuri, tarehe zinafikiwa, kila mtu anafurahi, na siku anapopanda ndege kila kitu kinasimama. Hatari ya pili ni siri: mafaili ya walipakodi hayawezi kufunguliwa kwa mgeni bila kiapo cha kutunza siri na msingi wa kisheria. Jambo hilo lisipomalizwa kabla hajafika, miezi yake ya kwanza itaishia kwenye kusoma sheria na kunywa chai.

*Inamfaa nani.* Taasisi mbili zenye kazi moja inayojulikana, tatizo lililotajwa kwa jina, na viongozi watakaokuwepo kwa miaka miwili mitatu ijayo.

3. Kutoa mfumo wa kidijitali

*Gharama.* Inategemea leseni. Estonia ilianza kutumia X-Road, njia ya ofisi za serikali kubadilishana taarifa, mwaka 2001. Mwaka 2016 msimbo wake ukafunguliwa kwa yeyote, na 2017 Estonia na Finland zikaunda taasisi ya pamoja ya kuuendeleza. India nayo imetoa MOSIP, programu huria ya vitambulisho vya taifa iliyoanzia Bangalore mwaka 2018, ambayo Ufilipino, Morocco na Ethiopia zimeichukua. Programu ni bure. Seva, waya, usajili wa wananchi, mafunzo na ulinzi si bure, na hivyo ndivyo humaliza bajeti.

*Faida kwa mtoaji.* Njia hii ndiyo hufungua mlango wa kwanza kwa upana kuliko zile njia mbili zilizotangulia. Kampuni za nchi inayotoa mfumo ndizo zinazouelewa, basi kazi za kuufunga, kuurekebisha na kuulinda huwafuata. Kampuni za Estonia zimepata kazi katika nchi nyingi kwa mtindo huo, ingawa msimbo wenyewe hauuzwi. Korea Kusini nayo imejenga mifumo ya forodha na ya manunuzi ya umma nje ya mipaka yake. TANCIS, mfumo wa forodha wa Tanzania ulioanza kazi 2014, ulijengwa kwa utaalamu wa Korea.

*Faida kwa mpokeaji.* Anaruka miaka ya majaribio. Kwenye forodha faida inaonekana kwa macho: taarifa ya mzigo inaingizwa mara moja, meli ikiwa bado baharini, na ushuru unakokotolewa bila mtu kushika kikokotoo. Tangu 1981 UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, imekuwa ikisambaza mfumo wake wa forodha, ASYCUDA, na sasa upo katika nchi na maeneo zaidi ya 100.

*Muda.* Mwaka mmoja hadi mitatu kwa mfumo kuwaka. Kwa mfumo kuaminiwa, zaidi.

*Hatari.* Kuna mifumo inayowaka bila kubadilisha chochote. Mwombaji anajaza fomu mtandaoni, kisha anaambiwa aichapishe, aipeleke dirishani ikagongwe muhuri, kwa sababu kanuni ya zamani bado inataja "nakala iliyogongwa muhuri" na hakuna aliyeirekebisha. Sasa ana kazi mbili badala ya moja. Hatari nyingine ni kufungwa na muuzaji mmoja: leseni ya mwaka inapanda bei, na kuhama kunagharimu kuliko kubaki. Programu huria hupunguza hatari hii lakini haiiondoi, maana usipokuwa na wahandisi wako bado utamtegemea anayeujua mfumo.

*Inamfaa nani.* Mpokeaji ambaye sheria zake ziko tayari, au bunge lake liko tayari kuzibadili, na mtoaji mwenye sekta ya teknolojia inayotafuta soko.

4. Kuuza ushauri kwa mkataba

*Gharama.* Mpokeaji analipa, au analipiwa na mkopo au mfadhili. Kwa mtoaji hii ni biashara. Singapore iliunda chombo maalumu mwaka 2006, Singapore Cooperation Enterprise, cha kujibu maombi ya serikali za nje zinazotaka kununua uzoefu wake.

*Faida kwa mtoaji.* Ada, na zaidi ya ada, nafasi ya kampuni zake kuingia nyuma ya ushauri. Mfano wenye mafunzo mengi ni Suzhou. Februari 1994 Singapore na China zilikubaliana kujenga eneo la viwanda katika mji huo. Singapore haikuleta mtaji tu. Ilikubali kufundisha namna ya kupanga mji, kutoa vibali, kuhudumia wawekezaji na kuendesha mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Maofisa wa Suzhou wakaenda Singapore kujifunza. Muungano wa kampuni za Singapore ukashika asilimia 65 ya hisa. Ila manispaa ya Suzhou ilikuwa na eneo lake jingine la viwanda upande wa magharibi wa mji, ikaendelea kulinadi kwa wawekezaji wale wale. Hasara zikafuata. Mwaka 2001 Singapore ilishuka hadi asilimia 35 na kuachia usimamizi, na mwaka huo huo mradi ukaanza kupata faida. Ujuzi ulihamia salama. Kilichokosewa ni mgawanyo wa maslahi: aliyetakiwa kuulinda mradi alikuwa na mradi wake wa kushindana nao.

*Faida kwa mpokeaji.* Anaweza kudai, kwa sababu analipa. Msumbiji kuanzia 1997 na Angola kuanzia 2001 zilikabidhi sehemu kubwa ya usimamizi wa forodha kwa Crown Agents, kampuni ya Uingereza, na makusanyo yakapanda. Kwa serikali iliyotoka vitani, ambayo inahitaji mapato mwezi huu, hoja hiyo ni nzito.

*Muda.* Wa haraka kuliko njia zote, kama mkataba una vipimo vilivyo wazi.

*Hatari.* Mshauri anayelipwa kwa mwezi hana sababu ya kumaliza mapema. Na mkataba unaolipiwa na msaada wenye sharti la kununua kwa mfadhili huwa ghali: OECD imekadiria kwamba misaada ya namna hiyo huongeza gharama kwa asilimia 15 hadi 30. Kwa mpokeaji, hiyo ni pesa inayotoka mkono wa mfadhili na kurudi mkono ule ule.

*Inamfaa nani.* Mpokeaji mwenye uwezo wa kusimamia mikataba. Asiye na uwezo huo auombe kwanza, kwa njia ya pili, kabla ya kununua kwa njia ya nne.

Uchague vipi

Kama lengo lako ni kuongeza mapato ya serikali ya mwenzako, na tatizo liko ndani ya faili na si ndani ya kompyuta, peleka mtu akakae. Mpangie mwenyeji mmoja wa kudumu wa kufanya naye kazi, na uandike tangu mwanzo kwamba mwaka wa pili mwenyeji ndiye anayeongoza ukaguzi na mgeni anaangalia.

Kama mnapakana na mizigo inakwama, anzeni na taratibu kabla ya mfumo. Kaeni mpakani pamoja, fuateni lori moja tangu linapofika hadi linapoondoka, andikeni kila dirisha linaposimama. Mara nyingi madirisha mawili yanaweza kufungwa bila kununua chochote. Mfumo ununuliwe kwa yale yatakayobaki.

Kama wewe ni nchi ndogo isiyo na fedha nyingi lakini una jambo moja unalolifanya vizuri, usijaribu njia zote nne. Pokea wageni kwa jambo hilo moja, chagua wawili watatu walio tayari kutekeleza, uwafuate kwao na wataalamu wachache. Mfadhili wa tatu hupatikana kwa urahisi zaidi pale wenza wawili wa nchi zinazoendelea wanapokuja na mpango uliokwisha anza.

Kama kampuni zako za teknolojia zinatafuta soko, mfumo ndio mlango, lakini uandike kwenye makubaliano kwamba msimbo na taarifa ni vya mpokeaji. Inaonekana kama kujipunguzia soko. Ukweli ni kwamba wizara za nchi nyingine zitampigia simu mpokeaji huyo kabla hazijakupigia wewe, na jibu lake ndilo litakaloamua zabuni yako ijayo.

Kama wewe ndiye mpokeaji na una ofa tatu mezani kutoka nchi tatu, zote za bure, angalia gharama zako za ndani: maofisa wangapi watatolewa kazini, umeme na seva nani atalipa mwaka wa nne, sheria gani ibadilishwe. Ofa mbili zinazogusa dawati moja zisikubaliwe pamoja, hata kama balozi zote mbili zinasisitiza. Dawati lenye watumishi sita haliwezi kujifunza mifumo miwili huku likihudumia watu.

Na kama bado hamjakubaliana nini hasa kinatafutwa, bajeti ya kozi moja fupi na ziara moja ya kurudisha inatosha kwa mwaka huu. Mwisho wa ziara ile, ofisi zote mbili ziandike kwenye ukurasa mmoja tatizo wanalotaka kulimaliza pamoja. Ukurasa huo usipopatikana, mwaka ujao msiombe fedha zaidi.